Barua ya Wazi: Korongo la Isimila Liwekewe Kanuni ya Maji na Kanuni ya Nguzo

Dar es Salaam

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya maliasili, utalii na malikale, na kwa watendaji wote mnaosimamia vivutio vya Nyanda za Juu Kusini.

Yah: Usalama wa watembea kwa miguu na uhifadhi wa nguzo za udongo, Isimila, mkoani Iringa

Waheshimiwa, salaam.

Jijini kwetu kuna bonde linaitwa Jangwani, na kila masika bonde hilo hujaa maji. Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Kisarawe na Pugu ukateremka hadi mjini. Mara ngapi Kariakoo hakujadondoka hata tone, huku barabara ya Morogoro pale bondeni imeshafungwa kwa sababu mvua imepiga kule juu? Mafuriko ya Desemba 2011 yaliondoka na makumi ya roho, na Serikali ikawahamishia Mabwepande wengi waliokuwa wakiishi bondeni. Mtu wa Dar es Salaam anajua, basi, kwamba maji yanayoua si lazima yawe yamenyesha juu ya kichwa chake.

Lakini mtu huyohuyo akipanda basi pale Mbezi Luis, akalala Iringa, na asubuhi yake akateremka Korongo la Isimila kutembea kati ya nguzo, elimu hiyo huiacha kwenye buti la basi. Mbele yake kuna mchanga mkavu, jua kali, kuta za udongo na nguzo zilizosimama kama magofu ya mji. Isimila si jangwa, ila sura yake ni ya jangwa, na sura hiyo humfanya mtu aamini kuwa maji ni kitu cha kubeba kwenye begi tu.

Barua hii tunaiandika sisi tunaoongoza misafara ya miguu ya mwisho wa wiki kutoka Dar. Hatuandiki kumlaumu mtu. Ombi letu ni kwamba, kabla halijatoka tangazo jingine la kuwaita watu Isimila, pawekwe langoni kanuni ya maji na kanuni ya nguzo, zilizoandikwa, zenye vipimo, na zenye mtu mwenye mamlaka ya kuzisimamia.

Isimila iko kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Zana zake za mawe ziliokotwa mwaka 1951 na kijana mwanafunzi kutoka Afrika Kusini, na uchimbaji mkubwa ukafanyika mwaka 1957 na 1958 chini ya mtaalamu Clark Howell. Umri uliopimwa baadaye ulikuwa takriban miaka 260,000. Udongo uliozifukia zana hizo, yaani tabaka za mchanga, mfinyanzi na kokoto zilizotuama zamani, ndio uleule uliochongwa nguzo. Mto wa msimu ulikata tabaka hizo, ukazifichua zana upande mmoja na kuziacha nguzo upande mwingine. Watu wengi hupita bila kulitambua hili: mto ule haujamaliza kazi. Mgeni anatembea ndani ya mfereji ambao bado unatumika.

Kosa la kwanza hufanyika hapa Dar, wiki mbili kabla ya safari, nalo ni kosa la kalenda. Pwani tuna mvua za misimu miwili: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Katikati, Januari na Februari, ni kiangazi chetu cha joto kali. Watu wamechoka na jasho, wanatamani baridi ya Iringa, wanakata tiketi. Iringa haina kalenda hiyo. Kule msimu wa mvua ni mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, na Januari na Februari zimo katikati yake. Anayepanga safari kwa hali ya hewa ya Dar anafika Isimila wakati mbaya kuliko wote, akiamini amechagua wakati mzuri.

Tunaomba kila tangazo linalolengwa kwa wakazi wa Dar liseme waziwazi kwamba miezi ya kutembea korongoni ni Juni hadi Oktoba, kwamba Mei na Novemba ni miezi ya tahadhari, na kwamba kuanzia Desemba hadi Aprili mgeni ajiandae kuambiwa leo hapashukwi. Aliyeambiwa mapema halalamiki. Anayeambiwa langoni, baada ya kusafiri karibu kilomita 500 na kuipanda Kitonga nyuma ya malori, atabishana na mlinzi. Na mlinzi asiye na karatasi mkononi atashindwa.

Kwa nini korongo kavu lijae ghafla? Ardhi ya sehemu kavu ikikaa miezi bila mvua hufanya ganda gumu juu. Mvua ya radi ikipiga, maji hayawahi kuzama. Yanateleza juu ya ganda kama juu ya bati, yanaingia kwenye vijito, vijito vinaungana, na vyote vinamwaga kwenye mlango mmoja mwembamba. Maji ambayo mahali papana yangefika kifundo cha mguu, kati ya kuta mbili hufika kiunoni. Na hata hayo ya kifundo si ya kudharauliwa: sentimita 15 za maji yanayokimbia zinatosha kumwangusha mtu mzima, kwa kuwa yanamsukuma huku yakichimba mchanga chini ya nyayo zake. Akishaanguka, kokoto na magogo yanamaliza kazi.

Mifano ipo, na mmoja ni wa jirani kabisa. Hell's Gate, karibu na Naivasha nchini Kenya, hutembelewa kwa mtindo uleule wa vikundi vya siku moja vinavyotoka mji mkubwa. Aprili 2012 maji ya ghafla yaliua watu 7 ndani ya korongo lake. Septemba 2019 yakaua watu 7 tena. Kule Antelope Canyon, Arizona, Marekani, Agosti 1997, watalii 11 walikufa kwa mvua iliyonyesha mbali, upande wa juu ambao wao hawakuuona. Baada ya msiba huo zikafungwa ngazi za chuma kwenye mwamba, na ikawa hakuna kuingia bila kiongozi. Tunaomba Isimila ianzie pale ambapo wenzetu walifikishwa na misiba.

Kanuni ya maji tunayoipendekeza haihitaji mitambo. Langoni uwepo ubao wa rangi tatu, unaobadilishwa saa 12 asubuhi na tena saa 6 mchana, ukiwa na jina la aliyeubadilisha. Kijani maana yake Mamlaka ya Hali ya Hewa haijatabiri mvua kwa mkoa siku hiyo, na hakuna iliyonyesha katika saa 24 zilizopita. Njano maana yake mvua inawezekana: watu wanashuka na kiongozi tu, wasiozidi 10 kwa kundi, na wote wawe wametoka ifikapo saa 6 mchana, maana mvua za radi za nyanda za juu nyingi hujengeka alasiri. Nyekundu ni pale mvua inaponyesha, au wingu la radi linapoonekana, au ngurumo inaposikika upande wowote. Hapo hashuki mtu na waliomo wanatolewa, hata kama korongoni jua linawaka. Neno hilo la mwisho, "hata kama jua linawaka", liandikwe kwa herufi kubwa kuliko mengine yote.

Siku ya njano awepo mtu mmoja upande wa juu wa mto, mwenye filimbi. Simu isitegemewe. Kati ya kuta ndefu mtandao hupotea, na hata ramani ya simu hukudanganya kwa kuwa kuta huziba setilaiti. Milio mitatu mirefu ya filimbi, ikirudiwa, iwe amri ya kupanda juu papo hapo. Tunasema kupanda juu, wala si kukimbilia langoni. Anayekimbia kufuata korongo anashindana na maji kwenye barabara yao. Aliye umbali wa hatua 20 kutoka kwenye mteremko unaopandika, mita 4 au 5 juu ya kitanda cha mto, kwa kawaida anaokoka.

Kwa hiyo mteremko huo unaopandika lazima uwepo na ujulikane. Tunapendekeza vipandio vya dharura kila mita 150, vichongwe kwenye kingo imara zenye mizizi, mbali na nguzo, kila ngazi iwe na kimo cha sentimita 15 hadi 18 na kina kisichopungua sentimita 30, ili mama mwenye mtoto mgongoni aweze kupanda bila kushika kitu. Kila kipandio kiwe na jiwe lililopakwa rangi nyeupe linaloonekana kutoka kipandio kinachotangulia. Na viongozi wafundishwe dalili zinazotangulia maji: upepo wa baridi unaovuma ghafla kutoka juu ya korongo, mlio kama wa lori zito linalopanda mlima kwa mbali, kijito kilichokuwa safi kikageuka rangi ya chai ya maziwa, povu na vijiti vinavyoelea. Ukiona povu na vijiti umebakiwa na muda mchache mno. Hapo hapigwi mtu picha wala haulizwi mtu maoni.

Sasa nguzo.

Nguzo husimama kwa sababu juu yake kuna kofia, yaani tabaka gumu zaidi au kokoto zilizoshikamana, inayokinga udongo laini wa chini usipigwe na mvua moja kwa moja. Kofia ikianguka, shina huanza kulika kutoka juu kama mshumaa. Uzito wa juu hauidhuru nguzo kama watu wanavyodhani, kwa sababu mzigo unaobana kwenda chini huzikaza chembe za udongo zishikane. Nguzo isichokiweza ni kusukumwa pembeni. Mtu anayeegemea, anayeweka mguu mmoja ukutani apigwe picha, au anayekwea akae juu ya kofia, anaipa nguzo mzigo wa aina ambayo haikuwahi kuubeba tangu ichongwe. Na anayesimama chini kabisa ya shina akikanyagakanyaga anavunja ganda jembamba lililozuia unga usimwagike.

Ukitaka kuisoma nguzo, anza chini uende juu. Shina likiwa limekonda chini kuliko kiunoni, nguzo hiyo inakatwa miguu na maji ya msimu. Tazama rangi: sehemu zilizopigwa na jua miaka mingi zina weusi fulani wa uzee, na panapoonekana doa jeupe au lenye rangi hai pamebanduka karibuni. Kisha inama uangalie mguuni. Vipande vya mviringo vimesagwa na mto, lakini vipande vyenye kona kali vilivyolala juu ya unga laini vimeanguka baada ya mvua ya mwisho, na vitafuatwa na vingine. Ufa wima ulioingiwa na mizizi ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu maji hufuata mizizi hadi ndani. Kazi hii ya kusoma inamchukua kiongozi aliyezoea dakika mbili kwa nguzo moja, na tunaomba ifanywe kila Jumatatu na kuandikwa kwenye daftari, nguzo kwa nguzo, kwa namba.

Kanuni yake iwe hivi. Nguzo yenye dalili yoyote kati ya hizo izungukwe na kamba, umbali sawa na kimo chake. Pale njia inapobana kiasi kwamba umbali huo haupatikani, watu wapite mmojammoja, bila kusimama, na kibao kiseme hivyo. Baada ya mvua, watu wasikaribie mashina kwa saa 72. Wapanda miamba wa Utah, Marekani, ambako mwamba ni mchanga ulioshikamana na ni mgumu kuliko udongo wa Isimila, husubiri kati ya siku moja na tatu baada ya mvua, kwa kuwa mchanga uliolowa hupoteza nguvu nyingi hata uso wake ukionekana umekauka. Sisi wenye udongo laini zaidi hatuna sababu ya kuwa na haraka kuliko wao.

Huko huko Utah, Oktoba 2013, mtu mzima alisukuma jiwe lililokuwa limesimama juu ya nguzo yake katika bonde la Goblin Valley, wenzake wakirekodi na kushangilia. Walifikishwa mahakamani, lakini jiwe halikurudi. Hakuna fundi wa kujenga upya nguzo ya udongo. Tunaijua tamaa ya picha, na tunajua kwamba wanaokwea mara nyingi hawana nia mbaya; mpiga picha amewaambia wapande kidogo tu. Ndiyo maana tunaomba pajengwe majukwaa mawili ya kupigia picha, mahali ambapo nguzo zinaonekana vizuri saa moja na nusu asubuhi na saa 11 jioni, jua likiwa pembeni na vivuli virefu. Mtu akionyeshwa mahali picha inapopendeza zaidi, hana haja ya kukwea. Saa 6 mchana picha za nguzo huwa bapa, mwanga mweupe mtupu, na joto liko juu. Hakuna cha kupoteza kwa kupumzisha korongo saa hizo.

Kuhusu njia yenyewe ya kutembea, tuna ombi la kifundi. Kwenye udongo wa namna hii njia iliyonyooka kushuka mlima hugeuka mtaro ndani ya msimu mmoja: nyayo zinachimba, maji yanafuata nyayo, watu wanahamia pembeni kukwepa mtaro, na baada ya miaka michache mna njia tatu sambamba na zana za mawe zimekanyagwa katikati. Njia ikate mteremko kwa ubavu. Mwinuko wake usizidi asilimia 10 kwa wastani, wala usizidi nusu ya mwinuko wa kilima chenyewe, maana ukizidi hapo maji yanaacha kuvuka njia na kuanza kuifuata. Uso wa njia uinamie upande wa bonde kwa asilimia 3 hadi 5 ili maji yatoke. Kingo zipangwe mawe yaliyoletwa kutoka nje ya eneo la malikale. Hili tunalisisitiza, kwa sababu fundi asiyejua anaweza kuokota shoka la mkono la miaka 260,000 akalifanya kingo.

Na shoka hilo si rahisi kulitambua kwa mtu asiyeonyeshwa. Linafanana na tone la maji lililobanwa: ncha upande mmoja, kitako cha mviringo upande mwingine, na kuta zake mbili zimebanduliwa vigaga vidogo vidogo hadi zikakutana kwenye ukingo mkali unaozunguka. Ukiona jiwe ambalo makovu yake yanapishana pande zote mbili za ukingo, hilo lilichongwa. Liache lilale lilivyolala. Sheria ya Malikale ya mwaka 1964 inakataza kuliondoa, lakini mgeni akielezwa sababu hutii zaidi kuliko akitajiwa sheria: zana iliyohamishwa hata hatua kumi haiwezi tena kusema ililala tabaka gani wala pamoja na mifupa ya mnyama gani. Iwekwe meza moja pale kwenye jumba la makumbusho yenye zana mbili za kushikwa kwa mikono. Mtoto aliyekwisha kulishika moja kihalali hatamani kuficha jingine mfukoni.

Upande wetu, waandaaji wa misafara, tunaomba tubanwe. Mlinzi wa lango awe na mamlaka ya kurudisha kundi lisilo na vitu vya lazima, na orodha iwe fupi ili isimamiwe. Kila mtu awe na lita 3 za maji, yaani chupa 2 za lita moja na nusu, kwa matembezi ya nusu siku. Tatizo la watu wa pwani ni kwamba tumezoea jasho linaloonekana. Dar shati linalowa, unajua umepoteza maji, unakunywa. Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni kavu na jasho hukauka kabla hujaliona. Mtu anatembea saa 3 akijisifu hajatoka jasho, kisha kichwa kinaanza kugonga. Nguzo kuonekana karibu kutoka juu kunaongeza kosa, kwa kuwa watu huacha chupa kwenye gari wakisema tunarudi sasa hivi. Wapo pia wanaokosea upande wa pili, wanakunywa maji matupu lita juu ya lita bila chumvi, wanavimba vidole na kutapika. Dawa ni kula: karanga za chumvi, mayai ya kuchemsha, kiazi kitamu. Kwa aliyelegea, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, anywe kidogo kidogo kivulini. Aliyeanza kuongea maneno yasiyoeleweka hanyweshwi. Amwagiwe maji, apepewe, akimbizwe hospitali.

Viatu viwe vya kufunga vidole, vyenye soli ya meno. Yeboyebo na makatambuga havifai kwenye kitanda cha mto, ambako kokoto za mviringo zimelala juu ya mchanga na kila hatua inazunguka. Raba mpya iliyonunuliwa kwa ajili ya safari nayo haifai; ivaliwe kwanza wiki mbili. Misitu ya Pugu-Kazimzumbwi ni mahali pazuri pa kuizoesha, ingawa Pugu kuna kivuli na hakumwandai mtu kwa jua la Isimila. Kucha za miguu zikatwe kabla ya safari, maana kwenye mteremko ndizo zinazopokea uzito wote.

Mambo mawili mengine yaandikwe kwenye ubao kwa maneno machache. Nyuki hupenda kujenga kwenye mianya ya kuta ndefu, na kelele zinazorudi na manukato makali huwachokoza. Wakitoka, funika uso, kimbia mbali bila kuzungusha mikono, ingia ndani ya gari na ufunge vioo. Kifutu naye hakimbii binadamu. Hulala njiani akitegemea rangi yake, na wanaoumwa wengi wamemkanyaga. Aliyeumwa avuliwe kiatu na pete, mguu utulizwe kwa ubao kama uliovunjika, asichanjwe, asifyonzwe, asifungwe kamba ya kukata damu, abebwe.

Abebwe na nani? Machela juu ya kokoto huhitaji watu 6 kwa zamu, na zamu ya pili ya 6 ikipumzika, na kilomita moja inaweza kuchukua saa nzima. Tunaomba machela moja ikae langoni na nyingine chini korongoni ndani ya sanduku lisiloingia maji, na mara mbili kwa mwaka lifanyike zoezi la kumtoa mtu kutoka kwenye nguzo ya mbali hadi kwenye gari, muda ukipimwa kwa saa na kuandikwa. Namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji na 112 ya polisi ziandikwe kwenye kila kipandio, pamoja na namba ya kipandio chenyewe, ili anayepiga simu akishafika juu aweze kusema aliyeumia yuko wapi.

Vyoo, kivuli cha kupumzikia, mapipa ya taka, na malipo yanayoweza kukamilishwa mtu akiwa bado Dar ili foleni isile saa za asubuhi: hayo mnayajua, hatuyarefushi. Tunaongeza moja tu. Kukiwa na ratiba iliyopangwa vizuri, anayetoka Isimila saa 5 asubuhi apewe mahali pa kwenda jua likipoa, kwa mfano kupanda jiwe la Gangilonga pale mjini kuangalia Iringa ikiwasha taa. Korongo litapumua na mgeni hataondoka akilalamika kuwa siku imekuwa fupi.

Waheshimiwa, mvua za Iringa zinaanza Novemba. Ubao wa rangi tatu unatengenezwa na fundi seremala kwa siku moja. Vipandio vinachukua muda zaidi, na vinahitaji mtaalamu wa malikale asimame pale kila koleo linapoingia ardhini. Kazi ya mikono tunaitoa sisi: vikosi vya watu 12, wikiendi nne mfululizo za Agosti, nauli na chakula juu yetu, pamoja na koleo 6, sururu 4, machepe 4, toroli 2 na mita 200 za kamba. Tunachokisubiri kutoka kwenu ni mchoro wa njia uliopitishwa na wataalamu wenu, na barua ya ruhusa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Viongozi wa misafara ya kutembea kwa miguu,
Dar es Salaam